Kabla hujafunga koni kwenye gari lako, pima kwanza kwa chupa ya maji

Mwaka juzi nilinunua koni, ile filta ya hewa ya injini inayofungwa badala ya boksi la kiwandani. Naanza na hilo ili usije ukadhani anayeandika hapa ni mtu asiyependa vitu vya magari. Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu ipo Tabata, na kwa kazi yangu nilipaswa kujua zaidi. Lakini niliikuta Gerezani pale Kariakoo, imekaa kwenye boksi lake jipya: bomba la alumini linang'aa, filta nyekundu yenye umbo la koni, klempu zake nne, na nje wameandika kwamba inaongeza nguvu farasi 20. Nikatoa laki mbili na nusu. Jumamosi jioni nikalitoa boksi jeusi la filta lililokuja na gari, nikafunga koni, nikaingia barabarani.

Nakuapia, gari liliruka. Ni Mark X ya lita 2.5, GRX120, injini ya V6 ambayo Toyota wameiandikia farasi 215. Ukikanyaga, mlio ulikuwa unatoka chini ya boneti kama simba anayevuta pumzi. Jumatatu nikawaambia wenzangu gereji kwamba gari limekuwa jingine kabisa.

Siku mbili tatu baadaye nipo kwenye foleni ya Ubungo, saa kumi na moja jioni, sina la kufanya. Nikachomeka kile kidude cha bluetooth kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, nikafungua programu kwenye simu, nikatazama joto la hewa inayoingia kwenye injini. Nyuzi 61. Nje palikuwa na nyuzi 32. Kitu nilichouziwa kwa jina la hewa baridi kilikuwa kinainywesha injini hewa ya jikoni.

Tangu siku hiyo kila kijana anayekuja gereji kuuliza "fundi, nikifunga koni gari litakimbia?" simjibu ndiyo wala hapana. Namwambia alete mpira wa levo na chupa ya maji.

Koni inadai kufanya nini

Injini ni pampu ya hewa. Mafuta si shida, injekta zinaweza kumwaga mengi tu. Kinachobana nguvu ni hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda. Kwa hiyo kuna njia mbili ambazo koni na bomba lake vinaweza kusaidia. Ya kwanza ni kupunguza kizuizi, yaani hewa ipite kwa urahisi zaidi kuliko ilivyopita kwenye boksi la kiwandani. Ya pili ni kuleta hewa yenye joto dogo zaidi, kwa sababu hewa ya baridi imeshonana, na ujazo uleule unabeba hewa nyingi zaidi. Kwa hesabu ya mkono, kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinakuondolea kama asilimia 1 ya uzito wa hewa.

Njia ya tatu haipo. Bomba kung'aa si njia, na mlio si njia, ingawa mlio ndio unaouza. Boksi la kiwandani, pamoja na lile dungu la plastiki lisiloeleweka kazi yake ambalo watu hulitoa na kulitupa, limetengenezwa kumeza mlio wa hewa. Ukiliondoa unasikia kilichokuwepo siku zote. Sikio linauambia mgongo kwamba gari limechomoka, na mgongo unakubali.

Mambo yote mawili, kizuizi na joto, yanapimika. Na yanapimika kwenye gari lako bila kununua koni kwanza.

Kipimo cha kwanza: mpira wa levo na maji

Kipimo hiki ndicho ninachokipenda, na sijui kwa nini mafundi wengi hawakitumii. Injini inapovuta hewa kwa nguvu, nyuma ya filta shinikizo linashuka kidogo kuliko la nje. Kushuka huko ndiko kizuizi chenyewe. Ukitumbukiza mwisho mmoja wa mpira kwenye maji na mwingine ukauchomeka nyuma ya filta, maji yatapanda ndani ya mpira kama soda kwenye mrija. Sentimita 10 za maji ni takribani asilimia 1 ya shinikizo la hewa hapa Dar, usawa wa bahari. Basi. Hiyo ndiyo rula yako.

Unahitaji mita 3 za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi wanapimia levo ya ukuta. Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Rula ya mita moja ya mbao, au kipande cha ubao ulichochora sentimita mwenyewe. Selotepu. Bluu ya kufulia kidogo, ili maji yaonekane. Na mtu wa kukaa kiti cha abiria, ambaye kwangu alikuwa mke wangu, Mama Nasra, aliyekubali baada ya kuahidiwa chipsi.

Fungua boksi la filta. Tafuta upande msafi, yaani upande wa kifuniko ambao hewa inafika ikiwa imeshapita kwenye filta. Toboa tundu dogo pale kwenye plastiki, linalobana mpira vizuri, na ufute unga wote wa plastiki kabla hujafunga tena, usiende kwenye injini. Usichague bomba linaloelekea injini. Hewa ya kwenye bomba inakwenda mbio, na hewa inayokwenda mbio inashusha shinikizo pale inapopita, kwa hiyo itakupa usomaji wa kutisha ambao si kizuizi. Kwenye kifuniko cha boksi pana nafasi pana, hewa imetulia, usomaji ni wa kweli.

Na hapa nakusihi kwa moyo wote: usichomeke mpira huu baada ya throto, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga pedeli ya mafuta. Baada ya throto, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inavuta kwa nguvu ya kupandisha maji mita 6. Itayafyonza yote kufumba na kufumbua. Kati ya filta na throto, hapo tu. Na hata hapo, weka maji nusu kikombe tu ndani ya chupa, ili likitokea la kutokea kiasi kitakachoingia kiwe kidogo.

Pitisha mpira nyuma ya boneti upande wa waipa, uingize dirishani kwa upenyo mdogo, uufunge kwa selotepu kwenye rula, mwisho wake ufike karibu na kitako cha chupa. Chupa isifunikwe. Abiria anaibana kati ya miguu, rula imesimama wima. Angalia mpira usibanwe na boneti ukajikunja. Mara yangu ya kwanza ulibanwa, maji hayakusogea hata kidogo, nikajisifu kwamba boksi langu halina kizuizi kabisa.

Sasa tafuta barabara tupu. Sisi tulikwenda upande wa Bunju Jumapili alfajiri. Huhitaji mwendo mkubwa, na hili watu hawalijui: kizuizi kinategemea mizunguko ya injini na throto ilivyofunguka. Mwendo wa gari hauhusiki. Kwa hiyo funga gia ya kwanza, kanyaga mpaka mwisho, acha mshale wa RPM upande hadi karibu na mstari mwekundu, achia. Kwenye Mark X hapo hujafika hata 60 kwa saa. Abiria anasoma maji yalipofika juu kabisa. Rudia mara tatu. Dirisha liwe kwenye upenyo uleule kila mara, kwa sababu upepo unaopita dirishani nao unavuta maji sentimita moja mbili.

Mama Nasra alikuwa anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa bahati nasibu: "Thelathini na tatu! Punguza, yatanimwagikia!"

Nikashangaa. Sentimita 33 ni kama asilimia 3 na kitu. Kwa boksi la kiwandani la gari la Kijapani hiyo ilikuwa nyingi. Nikapaki pembeni, nikafungua boksi, nikatoa filta, nikaigonga kwenye tairi. Likatoka vumbi la Tabata la miaka miwili, majani, na nyigu mmoja mkavu. Ilikuwa ni filta ileile niliyoitoa siku ninafunga koni, na nilikuwa nimeirudisha vilevile kwa ajili ya kipimo.

Nikaweka filta mpya ya karatasi ya shilingi elfu ishirini na tano. Tukarudia. Sentimita 14.

Kisha koni. Koni haina kifuniko cha kutoboa, kwa hiyo ilinibidi nitoboe kwenye shingo yake ya mpira, mahali ambapo ni papana zaidi. Sentimita 5.

Hebu zitazame hizo namba tatu. Kati ya filta chafu na koni kuna sentimita 28, karibu asilimia 3, farasi kama sita. Ule "mruko" wangu wa Jumamosi, ukiacha mlio, ndio huo. Lakini sentimita 19 kati ya hizo zilipatikana kwa kubadilisha filta ya elfu ishirini na tano. Koni yenyewe, ukiilinganisha na boksi la kiwandani lenye filta safi, ilileta sentimita 9. Asilimia 1 haifiki. Farasi wawili.

Sasa rudi kwenye lile boksi la Gerezani lililoandikwa farasi 20. Farasi 20 kwenye injini ya farasi 215 ni zaidi ya asilimia 9. Ili zipatikane kwa kuondoa kizuizi peke yake, maji ya Mama Nasra yangetakiwa kupanda karibu mita nzima na boksi la kiwandani, kisha yasipande kabisa na koni. Yalipanda sentimita 14. Hata ningeondoa filta, boksi na kila kitu, hewa ikaingia bila kuguswa na chochote, nisingepata zaidi ya asilimia 1 na nusu. Maji yanakupa dari, na juu ya dari hakuna muuzaji anayeweza kukupeleka.

Kipimo cha pili: joto

Hiki ni rahisi. Kidude cha bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari, programu kwenye simu, na usomaji unaoitwa IAT, yaani joto la hewa inayoingia. Magari mengine ya zamani ya Japani yanagoma kusoma na vidude hivi vya bei rahisi. La kwangu lilikubali. Andika namba tatu: joto la nje, joto la hewa inayoingia ukiwa kwenye foleni, na joto la hewa inayoingia baada ya dakika 5 za mwendo wa 80 usiokatika.

Mimi nilipata hivi, siku mbili zenye hali ya hewa inayofanana, nje nyuzi 31. Na boksi la kiwandani: foleni 44, mwendoni 36. Na koni: foleni 61, mwendoni 47.

Usomaji wa foleni usiupe uzito sana, kwa sababu sensa yenyewe inapata joto ikiwa imesimama, na pia nani anahitaji nguvu akiwa kwenye foleni. Wa mwendoni ndio wa kuamini. Tofauti ni nyuzi 11. Kwa ile hesabu ya mkono, karibu asilimia 3 na nusu ya uzito wa hewa imepotea. Kwenye nguvu halisi hasara inaweza kuwa pungufu kidogo ya hapo, maana hewa inaendelea kupashwa ndani ya injini vyovyote vile, lakini hata ukiikata nusu bado ni kubwa kuliko kile kiasi kidogo nilichokipata kwenye kizuizi. Nilikuwa nimelipa laki mbili na nusu kupunguza nguvu.

Sababu ukiinama utaiona. Boksi la Mark X lina mdomo unaokwenda mbele, juu ya rejeta, nyuma ya sho. Unachukua hewa ya nje kabla haijagusa kitu cha moto. Yaani gari lilitoka Japani likiwa tayari na kile ninachouziwa! Koni niliyofunga ilikaa wazi ndani ya boneti, ikivuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kandokando ya ekzosi. Magari mengi ya miaka ya 2000 kuja juu yapo hivi. Kabla hujatoa pesa, fungua boneti, fuata mdomo wa boksi kwa mkono uone unaishia wapi. Ukiishia mbele au ndani ya fenda, una hewa baridi tayari. Zile Land Cruiser za porini zenye snokeli inayopanda mpaka usawa wa paa zinafanya jambo hilohilo, na huko juu vumbi nalo ni dogo.

Kipimo cha tatu: mafuta yanavyojirekebisha

Hapa ndipo kazi yangu ya umeme inaponifanya niwe mkali.

Gari kama langu linapima hewa kwa sensa ndogo yenye waya wa moto, inayokaa kwenye shingo ya kifuniko cha boksi. Hewa ikipita inaupoza waya, kompyuta inasoma umeme unaohitajika kuurudishia joto, inajua ni hewa kiasi gani. Lakini sensa haioni hewa yote. Inaona inayopita kwenye kitundu chake tu, na kompyuta imefundishwa kwamba shingo ina upana fulani. Ukibadilisha upana, umebadilisha hesabu.

Chukua mfano wa shingo ya kiwandani yenye kipenyo cha milimita 70 na bomba la alumini lenye 76. Milimita 6 unaziona si kitu. Lakini eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, na 76 kwa 70 ni ongezeko la karibu asilimia 18. Hewa ileile sasa inapita polepole mbele ya sensa, na kompyuta inadhani imeingia pungufu kwa asilimia 15. Inamwaga mafuta pungufu. Sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi inagundua, kompyuta inaanza kuongeza. Utaliona ongezeko hilo kwenye simu, limeandikwa LTFT kwa asilimia. Gari lisilo na tatizo liko kati ya kutoa 5 na kuongeza 5. Langu kabla ya koni lilikuwa kuongeza 2. Baada ya wiki ya koni, kuongeza 14. Likizidi sana, taa ya injini inawaka na kodi P0171, na kwa V6 mwenzake P0174, maana yake mafuta ni machache kuliko hewa. Wenye magari hukimbilia kubadilisha pampu ya mafuta. Nimeshawaona wawili.

Kwa mwendo wa kawaida kompyuta inajirekebisha, hakuna atakayekufa. Tatizo ni ukikanyaga mpaka mwisho, pale ambapo kompyuta haisubiri tena sensa ya oksijeni, inakwenda kwa kile ilichojifunza. Kwa injini isiyo na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa kwa shinikizo, unaweza kusamehewa. Wenye Subaru Forester na Impreza za tabo, nawaomba mnisikilize: kwenye injini hizo kubadilisha bomba la hewa bila kurekebisha programu ya kompyuta ni kucheza na pistoni. Mafuta machache pamoja na shinikizo la tabo huleta kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda, na ngazi za ringi, zile kuta nyembamba zinazoshika ringi kwenye pistoni hizo, hazina uvumilivu.

Jambo jingine la sensa: filta za pamba zinazopakwa oili. Ukizidisha oili, inasafiri, inakaa kwenye waya, inaungua, waya unavaa koti. Sensa inaanza kudanganya. Kuna dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa hizi; usitumie ya breki, na usiguse waya kwa pamba wala kidole.

Je, inapunguza ulaji wa mafuta?

Haipunguzi. Ukiendesha kawaida, throto yako imefungwa zaidi ya nusu. Wewe mwenyewe, kwa mguu wako, umeweka kizuizi kikubwa kuliko filta yoyote. Ukipunguza kizuizi cha filta, utafungua throto kidogo pungufu, na hewa inayoingia itakuwa ileile inayohitajika kwa mwendo huo. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha majaribio ya filta zilizoziba kwenye magari ya injekta, na ikakuta ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoumia ni kuchomoka. Hicho ndicho nilichokiona na nyigu wangu.

Vumbi na maji, mambo ambayo Ulaya hawakuandikii kwenye boksi

Filta ya karatasi inachuja vizuri mno. Koni za bei rahisi zinapitisha hewa kirahisi kwa sababu zina matundu makubwa, na matundu makubwa yanapitisha vumbi. Kwa mtu anayeingia barabara za vumbi kila siku hili lina uzito kuliko farasi wawili. Jipime hivi: paka grisi nyembamba ndani ya bomba nyuma ya filta, endesha wiki mbili, kisha pitisha kitambaa cheupe. Ukikuta wekundu wa udongo, huo umekuwa unasugua silinda zako. Mimi nilikuta.

Maji ndiyo mabaya zaidi. Kuna koni za kweli za hewa baridi ambazo bomba lake linashuka mpaka nyuma ya bampa, karibu na tairi. Kwa joto hizo ni nzuri, sina ubishi. Sasa fikiria masika, bonde la Msimbazi limejaa, wewe unavuka Jangwani nyuma ya daladala na maji yamefika nusu ya tairi. Kijana mmoja aliletwa kwetu akiwa amekokotwa, gari limekwama hivyohivyo. Pistoni inabana hewa, maji hayabaniki. Tulipofungua, konrodi mbili, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zilikuwa zimepinda. Duka lililomuuzia na kumfungia halikumwambia neno kuhusu mvua.

Nani basi afunge?

Yule ambaye maji yake yamepanda. Ukipima na filta safi ukapata sentimita 40, 50, una kizuizi halisi na kuna kitu cha kupata. Hutokea kwa injini zilizobadilishwa: mtu ameongeza tabo, ameweka injini kubwa kuliko ya kwanza lakini boksi ni la injini ndogo, au anazungusha injini juu sana kwenye mashindano. Kwenye tabo kizuizi kabla ya tabo kina uzito zaidi, maana tabo inazidisha kile inachopewa, na ikipewa pungufu inazidisha upungufu. Hapo fanya, lakini na fundi wa programu pembeni.

Wengine wanataka koni kwa sababu gari "linachoka" wakipanda Kitonga kwenda Iringa. Hilo silo tatizo la filta. Iringa ipo mita kama 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe imepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Koni haiwezi kuvuta hewa ambayo Mungu hakuiweka pale.

Na kama unataka kuhakikisha kwa mwendo, pima 60 mpaka 100 kwa programu ya GPS, nje ya mji, kwenda na kurudi ili mteremko ujifute, mara tatu kwa kila upande, AC imezimwa, na mafuta kiasi kilekile kwenye tangi. Kisha badilisha, pima, kisha rudisha ya kwanza upime tena. Hiyo ya kurudisha ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayoonyesha kama kilichobadilika ni filta au ni jua lililopanda. Mark X inachukua sekunde 4 na ushei. Asilimia 2 ya nguvu hapo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mizunguko yangu mitatu ya boksi la kiwandani, bila kubadilisha chochote, ilitofautiana yenyewe kwa yenyewe kuliko hapo.

Ukimaliza kupima, ziba lile tundu la kifuniko kwa skrubu fupi na silikoni. Usiliache hivyo, litakuwa mlango wa vumbi.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Altezza ya silinda sita. "Shikamoo mzee, nataka koni." Nikamwitikia, nikampa mpira, nikampa chupa, akaenda na mwenzake. Akarudi anacheka: sentimita 11, filta safi. Nikamweleza dari yake ni asilimia 1 na kidogo.

"Nimeelewa mzee. Ila mlio je?"

Mlio siwezi kuubishia. Nikamfungia, kwa masharti yangu. Nilipima shingo ya sensa kwa venia nikahakikisha bomba lina kipenyo kilekile, na kipande kilichonyooka mbele na nyuma ya sensa. Nikakata bati, nikalikunja kuwa ukuta kati ya koni na injini, ukingo wake nikauvalisha mpira wa mlango ubane chini ya boneti. Mdomo wa zamani wa kiwandani nikaurudisha uelekee ndani ya chumba hicho cha bati. Koni ikakaa juu, mbali na madimbwi. Mwendoni nje ilikuwa 30, ndani ikasoma 36. LTFT baada ya wiki, kuongeza 4.

Koni yangu mwenyewe imetundikwa kwenye msumari pale gereji, juu ya betri za zamani. Bei ni elfu themanini, na anayeinunua nampa na mpira wa levo.